Mpangilio wa maneno katika Kihungaria: je, uko huru kama vitabu vya Kiingereza vinavyodai?

Mgeni wa Debrecen aliuliza:

Habari za leo, wanajukwaa. Ninasoma shahada ya uzamili Debrecen kwa lugha ya Kiingereza, kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum, na pamoja na masomo yangu ya kawaida ninahudhuria darasa la Kihungaria. Vitabu vyote tunavyotumia viliandikwa kwa ajili ya watu wanaojua Kiingereza, na kila kitabu nilichofungua kinaanza kwa ahadi ileile, kwamba katika Kihungaria maneno yanaweza kupangwa vyovyote kwa sababu yambwa hutambulika kwa herufi -t mwishoni, hivyo msikilizaji hawezi kuchanganya mtenda na mtendwa.

Juzi mwalimu aliandika ubaoni sentensi hizi nne:

Péter megvette a könyvet.
Péter vette meg a könyvet.
A könyvet megvette Péter.
A könyvet Péter vette meg.

Kitabu chetu kinatafsiri zote nne kwa sentensi moja ya Kiingereza, yaani Péter alinunua kitabu. Mwalimu, hata hivyo, alisema kwamba hakuna hata mbili zinazoweza kubadilishana nafasi bila kuharibu mazungumzo. Kisha akaongeza kwamba "Ki megvette a könyvet?" si Kihungaria kabisa, na kwamba mtu anayetaka kuuliza nani alinunua kitabu hana budi kusema "Ki vette meg a könyvet?" Ikiwa mpangilio uko huru, kwa nini sentensi hii ikataliwe? Na hiki kipande "meg", ambacho mara kimeshikana na kitenzi na mara kimetupwa nyuma yake, kinafuata kanuni gani? Wenzangu wanaotoka Marekani wameamua kukariri tu, lakini mimi ningependa kuelewa.

Mkaazi wa Szeged alijibu:

Ndugu Mgeni, karibu Hungaria. Mwalimu wako yuko sahihi, na kitabu chako kimesema nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba -t humwachia mzungumzaji nafasi ya kuhamisha maneno. Hata hivyo, uhuru huo ni wa kuchagua unachotaka kusema, kwa kuwa kila mpangilio una maana yake.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usipitie Kiingereza. Mzungumzaji wa Kiingereza anapotaka kusema kwamba Péter ndiye aliyenunua, mara nyingi hupaza sauti kwenye jina na kuyaacha maneno mahali pake, kwa hiyo anapojifunza Kihungaria hutafuta sauti na kusahau nafasi. Sisi tumezoea kubadilisha umbo zima la sentensi. Tunasema "Péter alinunua kitabu" tunapotoa habari tu, na "Ni Péter aliyenunua kitabu" tunapomtenga yeye na wengine. Ukiyashika maumbo hayo mawili, sentensi zako nne zitajipanga zenyewe.

"Péter megvette a könyvet" ni habari ya kawaida: Péter amenunua kile kitabu, kazi imekwisha. "Péter vette meg a könyvet" ni "Ni Péter aliyenunua kitabu." Katika "A könyvet megvette Péter" tunaanza na kitabu kwa sababu ndicho tunachokizungumzia, kisha tunaeleza yaliyokipata. Hapo Kiswahili kingependa kusema "Kitabu kimenunuliwa na Péter," au "Kitabu, Péter amekinunua." Kihungaria cha siku hizi hakina kauli ya kutendwa inayotumika kila siku kama yetu, na kwa kweli hakiihitaji sana, maana kukitanguliza kitabu kunatosha. Ya nne, "A könyvet Péter vette meg," inaunganisha yote mawili: "Kitabu, aliyekinunua ni Péter."

Kwa hiyo chunguza neno lililo mara moja kabla ya kitenzi. Hapo ndipo moyo wa sentensi ya Kihungaria ulipo. Nafasi hiyo ni moja tu na haikaliwi na wawili. Katika sentensi ya habari tupu imekaliwa na "meg", ambayo Wahungaria huiita igekötő, yaani kipande kinachofungwa kwenye kitenzi. Akija mtu mwenye haki kubwa zaidi ya kukaa hapo, "meg" huondoka na kwenda nyuma ya kitenzi. Wenye haki hiyo ni neno tunaloliwekea "ni ... aliye-", neno la kuulizia, na neno "nem" la kukanusha. Ndiyo maana "Ki megvette" haikubaliki: "ki" ni neno la kuulizia, nalo linadai kiti ambacho "meg" bado amekikalia.

Maneno yaliyo mbali zaidi upande wa kushoto ni mada tu, na hayasumbui mtu. Unaweza kuuliza "Mit vett meg Péter?" au "Péter mit vett meg?", kwa sababu katika zote mbili "mit" imegusana na kitenzi. Kiswahili hutuachia "nini" mwishoni, "Péter alinunua nini?", na hapo ndipo mazoea yetu hutuponza. Wahungaria wakiuliza mambo mawili kwa pamoja, maneno yote mawili ya kuulizia hutangulia: "Ki mit vett?", nani kanunua nini.

Kuhusu ukanushaji, Kiswahili kinatusaidia sana. Sisi hatuchanganyi "Péter hakununua kitabu" na "Si Péter aliyenunua kitabu." Kihungaria nacho hutenganisha mambo hayo, ila kwa nafasi ya "nem" peke yake: "Péter nem vette meg a könyvet" ni ya kwanza, na "Nem Péter vette meg a könyvet, hanem Anna" ni ya pili, si Péter bali Anna.

Mfasiri wa Zamani aliandika:

Maelezo ya Ndugu wa Szeged ni mazuri na sitayarudia. Ninataka kuongeza jambo moja ambalo vitabu vingi vya Kiingereza hulipita kwa haraka, kwa sababu vinaiita nafasi ile ya kabla ya kitenzi nafasi ya msisitizo, kisha mwanafunzi anadhani kwamba kila analolitia uzito lazima liende pale. Sivyo ilivyo. Neno likikaa pale humaanisha huyu na si mwingine, hiki na si kingine. Ni nafasi ya kutenga.

Ushahidi wake ni neno "is", ambalo maana yake ni "pia". Ukitaka kusema kwamba Péter pia alinunua kitabu, utasema "Péter is megvette a könyvet," na "meg" itabaki mbele ya kitenzi ingawa Péter ametiliwa uzito wote wa sauti. Haiwezekani "Péter is vette meg," kwa sababu huwezi kumtenga mtu na wengine na papo hapo kumjumuisha nao. Neno "mindenki", yaani kila mtu, lina tabia hiyohiyo: "Mindenki megvette a könyvet." Lakini ukitia "csak", yaani tu, kutenga kunarudi na "meg" hufukuzwa: "Csak Péter vette meg a könyvet." Linganisha na Kiswahili. Hakuna anayesema "Ni kila mtu aliyenunua kitabu" akaonekana amesema kitu cha maana, ila "Ni Péter tu aliyenunua kitabu" haina tatizo.

Inafurahisha zaidi kwa maneno ya kiasi. "Kevesen", wachache, hudai kiti: "Kevesen vették meg a könyvet." "Sokan", wengi, huweza kukaa kwa namna zote mbili, "Sokan megvették" au "Sokan vették meg". Vivyo hivyo "ritkán", mara chache, humtoa igekötő mahali pake, kama katika "Ritkán megy haza," ilhali "Gyakran hazamegy," mara nyingi huenda nyumbani, ni sentensi isiyo na shida. Kwa nini uchache utenge na wingi usitenge? Kwa sababu anayesema "wachache" anakusudia pia kusema kwamba waliobaki hawakufanya hivyo.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Brassai Sámuel, msomi wa Transilvania aliyeishi karibu karne nzima ya 19, alikwisha kuonyesha kwamba sentensi ya Kihungaria haianzi lazima na kiima, bali na sehemu ya utangulizi inayomwandaa msikilizaji kwa yale yanayokuja na kitenzi. Katika zama zetu ni É. Kiss Katalin aliyeyapanga upya kwa nadharia za kisasa, akitofautisha kutenga kwa kweli na kutoa tu taarifa mpya. Wapo wanaisimu wanaobishana kuhusu ukali wa huko kutenga, lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hatapotea akikushika kama kanuni. (Mtagundua kwamba jina la ukoo limetangulia. Wahungaria husema Puskás Ferenc, nao huandika tarehe kwa kuanza na mwaka: 1956. október 23.)

Mgeni wa Debrecen:

Nawashukuru wote wawili. Suala la "Ki megvette" sasa limenielea. Bado nina mambo mawili. La kwanza, ninayeishi naye ni Mhungaria, na nikimwuliza swali la ndiyo au hapana, mara nyingi hanijibu "igen" bali hutamka silabi moja ambayo naisikia kama kipande cha kitenzi. La pili, nimesikia watu wakisema "Haza akarok menni," nataka kwenda nyumbani, ambapo "haza" iko mwanzoni kabisa, imetenganishwa na kitenzi chake "menni" kwa neno "akarok". Je, hapo "haza" imetengwa kwa maana aliyoieleza Mfasiri wa Zamani, yaani nyumbani na si kwingine?

Mkaazi wa Szeged:

Nianze na mwenzako wa chumbani. Msikilize vizuri utaona kwamba jibu lake hufuata kile kilichokaa kabla ya kitenzi katika swali. Mazungumzo huwa hivi:

— Bezártad az ajtót? (Umefunga mlango?)
— Be.
— Te zártad be az ajtót? (Ni wewe uliyefunga mlango?)
— Én. (Ni mimi.)
— Mit zártál be? (Umefunga nini?)
— Az ajtót. (Mlango.)

Swali la kwanza lina "be" katika kile kiti, na jibu ni "be". Swali la pili limemweka "te", wewe, na jibu ni "én", mimi. "Igen" nayo ni sahihi na hakuna atakayekucheka ukiitumia, ila huyo mwenzako anakupa somo la bure la sarufi kila anapokujibu, kwa kuwa anakutajia kilichokalia kiti katika swali lako.

Kuhusu "Haza akarok menni", hapana, hakuna kutenga hapo. Kuna kundi la vitenzi ambavyo havipendi kuanza vyenyewe sentensi ya habari tupu wala kubeba mkazo. Miongoni mwavyo ni "akar" wa kutaka, "fog" wa wakati ujao, "tud" wa kuweza na "kell" wa kulazimika. Vitenzi hivi huazima igekötő cha kitenzi kinachofuata na kukiweka mbele yao: "Haza akarok menni," "Haza kell mennem," ni lazima niende nyumbani, "Meg fogom venni," nitakinunua. Mara tu kiti kikipata mwenyewe mwenye haki, igekötő hurudi kwa kitenzi chake na kushikana nacho: "Nem akarok hazamenni," "Mikor kell hazamennem?", niende nyumbani saa ngapi.

Angalia kwamba si kila kitenzi cha namna hiyo kimo katika kundi. "Szeretek hazamenni" maana yake napenda kwenda nyumbani, na "haza" haihami, kwa sababu "szeretek" ni kitenzi kamili chenye uzito wake. Lakini "szeretnék", ningependa, ambacho ni kitenzi hichohicho katika hali ya masharti, hufuata kundi la "akar": "Haza szeretnék menni." Vitabu vyenu huviorodhesha viwili hivi pamoja bila kusema neno.

Mfasiri wa Zamani:

Nyongeza tatu fupi kuhusu igekötő, kisha nitanyamaza.

Katika amri kitenzi hutangulia: "Ülj le!", kaa chini, "Ne felejtsd el!", usisahau. Lakini mtu mwenye wasiwasi atasema "El ne felejtsd!", na hapo tafsiri yake ni "Usije ukasahau!" Maneno ni yaleyale, nafasi zimebadilika, na Kiswahili kinahitaji umbo jingine kabisa.

Mara nyingine igekötő hukaa nyuma ya kitenzi ingawa hakuna kilichotengwa, kwa sababu tendo lilikuwa bado linaendelea. "Éppen mentem haza, amikor eleredt az eső": nilikuwa ndiyo kwanza naenda nyumbani mvua ilipoanza kunyesha. Ukisema "hazamentem" umekwisha kufika.

Tena, kile kiti hakikaliwi na igekötő pekee. Nomino isiyo na "a" wala "egy" nayo hukaa hapo katika sentensi ya kawaida: "Kávét iszom," ninakunywa kahawa. Baadhi ya vitenzi vinadai mahali, kwa mfano "lakik" wa kuishi: "Debrecenben lakom." Ukianza na "Lakom Debrecenben," kama mwanafunzi wa Kiingereza anavyopenda kufanya, watakuelewa lakini watasubiri umalizie sentensi.

Binti Mombasa aliandika:

Samahani kwa kuingilia, mimi nilisoma Pécs na sasa ninafundisha lugha. Naona hamjagusa jambo ambalo kwa mtu wetu ni rahisi kuliko mpangilio wenyewe, na linaufafanua. Kitenzi cha Kihungaria hubadilika kulingana na yambwa. "Olvasok egy könyvet" ni nasoma kitabu, chochote kile, na "Olvasom a könyvet" ni nakisoma kitabu, kile tunachokijua. Kwa sababu kitenzi kimekwisha kubeba taarifa ya yambwa, yambwa yenyewe huweza kutangulia, kufuata au kutotajwa kabisa: "Olvasom" peke yake inatosha, kama inavyotosha "Nakisoma". Wenzetu wa Marekani huteseka miezi na viambishi hivi, wakati sisi tumevizoea tangu utotoni. "Szeretlek" ni neno moja, na "Nakupenda" ni neno moja.

Tahadhari moja tu. Kihungaria hakina kiambishi kwa kila nafsi kama sisi. "Unanipenda" ni "Szeretsz", kwa umbo lilelile linalotumika na yambwa isiyojulikana, na ukitaka kumtaja anayependwa unaongeza "engem". Usitafute mlingano kamili.

Aidha, Ndugu Mgeni, usidhani uhuru huu unaingia hadi ndani ya kirai nomino. Huko hakuna ruhusa yoyote. "Ez a három nagy ház," nyumba hizi tatu kubwa, haiwezi kupangwa vingine. Kila kinachoisifu nomino hutangulia, kinyume chetu, na nomino yenyewe hubaki katika umoja baada ya idadi: vitabu vitatu ni "három könyv".

Mgeni wa Debrecen:

Dada Binti Mombasa, ahsante. Leo darasani mwalimu ametupa sentensi "Anna tegnap ment haza" na kutuuliza ni swali gani linalojibiwa nayo. Nimesema swali ni "Mikor ment haza Anna?", kwa kuwa "tegnap" imekaa kwenye kiti na "haza" imesukumwa nyuma, hivyo maana yake ni kwamba jana ndipo Anna alipokwenda nyumbani. Amekubali, kisha ameuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: ikiwa tunataka kutoa habari tu kwamba jana Anna alikwenda nyumbani, tusemeje?

Mkaazi wa Szeged:

"Anna tegnap hazament," au "Tegnap Anna hazament," au hata "Tegnap hazament Anna." Zote tatu ni habari tupu, kwa sababu "haza" imerudi kwenye kiti chake. Anna na "tegnap" ni mada au nyongeza tu, na unaweza kuwapanga kulingana na yupi mlikuwa mnamzungumzia. Kwa sauti, anza kila neno kwa mkazo wa silabi ya kwanza kama kawaida ya Kihungaria, na katika ile sentensi ya mwalimu wako uutie wote kwenye "teg-", kisha "ment haza" ishuke bila mkazo wowote. Mjaribu mwenzako wa chumbani kwa zote mbili umsikie atakavyojibu.